Mama Bebang Anakwenda Dubai

Katika Studio ya Tatu hakuna mtu aliyewahi kufukuzwa kazi. Hili lisemwe mapema, kwa heshima ya wahusika, maana mjini Quezon, Ufilipino, kuna watu wabaya wanaoeneza maneno. Hakuna aliyefukuzwa. Watu walikwenda Saudia.

Utaratibu huo ulibuniwa na Crisanto Abelarde, mtayarishaji wa *Nyumbani kwa Bebang*, kipindi cha vichekesho kilichokuwa kikirushwa kila Jumamosi jioni tangu wanafunzi wa sekondari wa leo walipokuwa wakinyonya. Mwigizaji akiomba nyongeza, au akizeeka vibaya, au akikosana na mtu wa ghorofa za juu, Crisanto hakumwita ofisini na kumwambia maneno machungu. Alikuwa mtu mwema. Aliandika tu kwamba jirani Pidiong amepata kazi ya udereva Riyadh. Siku ya kurekodi, mtu wa vifaa alilitoa stoo sanduku la kahawia na kuliweka mlangoni mwa nyumba ya mbao ya Bebang, iliyojengwa ndani ya studio. Waigizaji walilitazama sanduku, wakatazamana, na mwenye safari akajua. Akaaga, akalia kidogo, akachekesha, akaondoka. Watazamaji hawakushangaa hata mara moja, kwa kuwa kila nyumba nchini ina mtu wake ng'ambo. Hata mjomba mlevi wa Bebang alikwenda Hong Kong kulea mtoto mchanga, jambo ambalo lingepaswa kuishtua serikali ya Hong Kong.

Ubaya wa ng'ambo ya Crisanto ni kwamba waliokwenda walibaki mjini. Mzee Pidiong, ambaye jina lake la kweli watu walishalisahau na yeye mwenyewe alikuwa njiani kulisahau, alichoma mishikaki ya nguruwe karibu na soko la Kamuning. Wateja walimuuliza joto la Riyadh likoje. Mwanzoni aliwaeleza kwamba hajawahi kupanda ndege. Baadaye aligundua kuwa mtu aliyetoka Riyadh huuza mishikaki mingi kuliko mtu aliyetoka Studio ya Tatu, na tangu hapo akaanza kuikumbuka Riyadh vizuri sana.

Bosi mpya wa idara ya vichekesho aliitwa Kristel Andal. Alikuwa na umri wa kuwa binti wa Crisanto, na alimwita anko, kama vijana wote wa televisheni wanavyowaita watu wanaokusudia kuwapita. Alimkaribisha ofisini kwake, akaketi yeye kwenye kochi la wageni kuonyesha unyenyekevu, hivyo Crisanto akabakiwa na kiti kidogo cha plastiki kilichowekewa chungu cha maua. Ilibidi akiondoe chungu kwanza. Akakosa pa kukiweka. Akaketi nacho mapajani mazungumzo yote.

"Anko, mimi nimekua na Bebang," Kristel alisema. "Bibi yangu alikuwa anazima redio, anazima feni, tunatokwa jasho, tumsikie Bebang."

"Asante, madamu."

"Ndiyo maana hili linaniuma."

Crisanto alikikumbatia chungu.

"Vijana hawatutazami. Vijana wanataka mapenzi. Wale watoto wetu wawili wa kwenye kipindi, wa duka la mkate, wanapendwa mno, lakini kila wakitaka kushikana mikono, mama anaingia na mwiko."

"Hapo ndipo watu wanapocheka."

"Bibi yangu ndiye anacheka. Na bibi yangu, anko, hanunui shampuu ya wadhamini." Kristel alisogea mbele. "Mimi naiona nyumba bila mama. Watoto wako huru. Baba hajui kupika, kila siku anaunguza. Huoni inavyochekesha?"

"Kipindi kinaitwa *Nyumbani kwa Bebang*."

"Jina tunaliacha. Nyumba yake, yeye hayupo. Inagusa moyo."

"Madamu, Bebang ni mke wangu."

"Najua," Kristel alisema kwa upole uliofundishwa na mtu. "Ingekuwa mwingine ningetuma ujumbe wa simu. Lakini sikulazimishi, anko. Ukiona haiwezekani, basi tutakifunga kipindi chote, watu wapumzike. Uamuzi ni wako."

Ukweli ni kwamba Kristel hakuwa na mamlaka ya kufunga hata dirisha. Alikuwa mgeni pale, bado akipotea njia ya kwenda chooni, na aliyasema hayo kwa kuwa yalimjia na yakasikika vizuri. Crisanto angeuliza swali moja tu angeligundua hilo. Lakini alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane, na kila mtu aliyeanza naye kazi alikuwa anauza bima au amekufa. Hakuuliza.

"Dubai?" alisema.

"Wewe ndiye bingwa wa hayo, anko."

Alifika kwenye lifti ndipo akagundua kwamba bado amekibeba chungu. Akarudi. Kristel akamwambia achukue tu, zawadi.

Nyumbani, Perlita alikuwa akipika mchuzi wa kuku wa tangawizi na kumtukana paka. Kwa nchi nzima alikuwa Mama Bebang, mwenye mwiko na kitambaa cha kichwa. Hapa alikuwa mwanamke mnene kidogo mwenye sauti ya kupasua chupa, aliyeolewa na Crisanto wakati yeye ni mwimbaji wa matangazo ya sabuni na mumewe ni mbeba nyaya.

"Maua!" alipiga kelele. "Mama, njoo uone, Anto kaleta maua. Nani kafa?"

Mama yake, Bibi Consing, aliinua uso kutoka kwenye karanga alizokuwa akimenya. "Mwanaume akileta maua na si sikukuu, mkague shingoni."

"Bibi jamani," Mutya alisema. Mutya alikuwa binti yao, mwaka wa pili wa uuguzi, chuo cha watawa chenye ada za kumfanya mtu amche Mungu.

Crisanto alikuwa amedhamiria kusema. Njia nzima, kwenye foleni na mvua, alikuwa ameyapanga maneno, tena mazuri. Kuandika ndiyo ilikuwa kazi yake. Perlita akamwekea bakuli, akaketi mbele yake, kidevu mkononi.

"Haya. Wiki hii Bebang anafanya nini?"

"Anakwenda Dubai."

Kijiko cha Mutya kilisimama. Bibi Consing aliacha karanga. Perlita hakusogea, uso tu ndio ulioanza kushuka taratibu, kama pazia lililolegea upande mmoja, na Crisanto alipouona ukishuka akaudaka.

"Wiki chache tu! Dada yake kajifungua huko. Anakwenda kumsaidia, anarudi na dhahabu bandia, tunaitania dhahabu msimu mzima."

"Mungu wangu!" Perlita alimpiga na kitambaa cha vyombo, akampiga tena. "Karibu nianguke hapa! Nilidhani unanipeleka Dubai-Dubai!"

"Dubai-Dubai wapi! Wewe?"

"Mimi nikajua basi, mume wangu mwenyewe, na mchuzi nimempikia!"

Walicheka wote. Crisanto alicheka kuliko wote, mpaka akapaliwa, akapigwa mgongoni.

"Bebang hana dada," Bibi Consing alisema.

"Mama, kula."

"Msimu ule wa mafuriko, juu ya paa, alisema yeye ni mtoto pekee. Ndiyo maana alimlilia yule bata."

"Mama, hiyo ni televisheni."

"Mimi nasema tu," Bibi Consing alisema, na akarudia karanga zake akimtazama mkwewe shingoni.

Crisanto aliyapanga yote kwa uangalifu. Sanduku la kahawia lilikatazwa kuonekana. Alinunua jipya, la bluu, lenye magurudumu, kwa fedha yake mwenyewe, na baadaye katika maisha yake angejitetea kwa jambo hilo. Watu wa studio aliwaambia ukweli na kuwaapisha. Waliapa. Hata Mama Sabel aliapa, yule kiongozi wa wachekaji, akina mama wanaoletwa na basi kutoka Marikina kuja kucheka kwa malipo ya chakula cha mchana na soda.

Onyesho lilikuwa la kuaga. Bebang amevaa koti la baridi kwa ajili ya jangwa. Mumewe wa kwenye kipindi, Temyong, ameshika sanduku upande usiofaa. Na Perlita, akiwa na furaha ya mtu aliyedhani amenusurika, siku hiyo alicheza kama hajawahi kucheza.

"Wali, Temyong. Nifuatishe. Maji yanafika wapi?"

"Mpaka hapa." Temyong alionyesha kiwiko.

"Kiungo cha kwanza cha kidole, we mtu! Tena kidole changu, si chako. Vyako ni vya nyani."

"Wewe ukiwa Dubai, kidole chako nitakipata wapi?"

Hapo maneno ya Bebang yaliishia; alitakiwa kumpiga kibao na kutoka. Perlita akasita. Akatoa kalamu kwenye mkoba wake, jambo ambalo halikuandikwa popote, akakamata mkono wa Temyong na kumchorea mstari kwenye kidole. "Hapa," alisema. "Usioge."

Wachekaji walitakiwa kucheka. Mama Sabel alianza, akatoa sauti kama mbuzi, akajifunika uso na kapu lake, na benchi zima nyuma yake likaanza kulia. Mwenye kamera alilia. Temyong mwenyewe, mtu wa kuagiza bia saa za kazi, alisahau maneno yake. Bernie, fundi sauti, alivuta kamasi karibu mno na maikrofoni, na Crisanto akamwashiria kwa hasira aache, kwa sababu lilikuwa onyesho zuri mno, la kutuzwa, na kamasi ingeliharibu.

"Umewaona?" Perlita alimwambia kwenye gari. Alikuwa bado na poda usoni, na mashavu yalimng'aa. "Hata Sabel! Mimi sijawahi kucheza vile, Anto. Sema ukweli. Nimewahi?"

"Hujawahi," Crisanto alisema, na huo ulikuwa ukweli.

"Simama hapo kwa Pidiong. Leo nanunua mimi. Namnunulia kila mtu."

Alishuka na mwavuli. Crisanto alibaki nyuma ya usukani, na kupitia kioo chenye mvua aliwaona wawili wale kwenye moshi kama onyesho lililozimwa sauti. Perlita anaongea kwa mikono, anaonyesha kidole. Mzee Pidiong anatikisa kichwa, anageuza mishikaki. Perlita anatoa pochi. Mzee Pidiong anaisukuma pochi. Perlita anaitoa tena, wanashindana, anacheka. Kisha Mzee Pidiong anafuta mkono kwenye aproni, anaushika mkono wa Perlita kwa viganja viwili kama mtu aliye msibani, na anasema kitu kifupi. Bernie alikuwa amepita pale kabla yao kununua chakula, na Bernie alikuwa ameapa tu kutomwambia Perlita.

Crisanto alifikiria kuondoa gari. Lisemwe hilo kwa haki yake: alifikiria, lakini hakuondoa.

Perlita alirudi, akafunga mwavuli, akafunga mlango, akakaa na mfuko wa mishikaki mapajani. Alichomoa mmoja, akautafuna taratibu mpaka ukaisha, na kile kijiti akakirudisha mfukoni vizuri ili kisichafue gari.

"Pidiong kakataa hela yangu," alisema. "Kasema wa ng'ambo hawalipishani."

"Perlita."

"Endesha. Inapoa."

Nyumbani, Crisanto alipojieleza, aliyakubali yote mawili, na hilo ndilo lililowashangaza Mutya na Bibi Consing waliokuwa wameketi wima sebuleni kama baraza la shule. Alikubali kwamba bosi mpya alitaka hivyo. Alikubali kwamba kuna watu wengi Studio ya Tatu wenye watoto na kodi za nyumba, na kwamba mtu mmoja akienda Dubai wengine wanakula.

"Mimi ningeenda," alisema. "Ungekuja ukaniambia, Perlita, mambo ni haya, ningekulaani siku mbili tatu na ningeenda. Mimi si mtoto. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka. Pale mezani. Nilipouona uso wako—"

"Hapo mezani nakuelewa. Uliogopa. Na kesho yake? Na leo asubuhi, nakufungia kifungo cha shati?"

"Sikutaka uumie."

"Anto. Miaka yote hii nimekaa na wewe. Sema."

Crisanto alitazama mikono yake. Alikuwa amechoka, na uchovu humfanya mtu aseme ukweli bila kuutengeneza.

"Ungejua, ungecheza vibaya."

Nje pikipiki ya magurudumu matatu ilipita, ikazimika, ikawashwa.

"Ungelia tangu mwanzo," aliendelea, maana hakuwa na akili ya kunyamaza. "Wengine wote walilia tangu mwanzo, wakaharibu. Ile kalamu, usingeitoa ile kalamu. Umeitoa kwa sababu hukujua. Ndilo onyesho bora tulilowahi kurekodi, Perlita, hata wewe umesema."

"Baba," Mutya alisema. "Nyamaza, Baba."

Perlita alinyanyuka. Aliwagawia mishikaki, mmoja mmoja kwenye sahani, na wa Crisanto pia, na mchuzi wa siki pembeni kama anavyopenda. Kisha akachukua mto wake na kuhamia chumba cha mama yake.

"Usiku mwema, bosi," alisema.

Kuishi Dubai bila kuondoka Kamuning ni kazi. Ilipokwisha kurushwa ile safari, Perlita hakuweza kwenda dukani. Watu walimkimbilia. "Mama Bebang! Umerudi lini? Zawadi zetu?" Mama wa samaki, aliyekuwa akimpunguzia bei tangu zamani, alikataa kupunguza hata senti moja. "Mtu wa Dubai unaniombaje mimi nikupunguzie? Hayo mabegi ya dhahabu vipi?" Mchungaji wa kanisa la mtaa wa pili alimsimamisha kuomba mchango wa paa. Perlita alieleza, akaeleza tena, nao wakamcheka kwa upendo wote, wakisema huyu Bebang haishi vituko.

Kisha Kristel akampigia simu Crisanto. Alikuwa mpole mno. Kuna mtu amempiga picha mama akichagua nyanya, anko, na picha inazunguka, na watazamaji wanauliza kama ni Dubai mbona kuna matope. Je, mama angeweza kupunguza kutoka? Kwa muda tu?

Crisanto aliufikisha ujumbe akiwa amesimama mlango wa jikoni.

"Nisitoke nyumbani kwangu," Perlita alisema.

"Au uvae kofia. Na barakoa."

"Ndiyo, bosi."

"Mwanangu kafungwa," Bibi Consing alimtangazia paka. "Kosa lake alikwenda Dubai."

Chakula kilipikwa kama zamani. Mashati yalifuliwa. Maneno ndiyo yaliyokatwa. Perlita alisema na mumewe kwa kupitia Mutya, hata wakiwa meza moja: mwambie bosi wali upo, muulize bosi kama umeme umelipiwa. Mutya alivumilia, kisha akaanza kula chuoni. Mara kadhaa Crisanto alisimama mlangoni mwa chumba cha mama mkwe wake na kusema jina la mkewe. Kila mara Bibi Consing ndiye aliyefungua, akiwa na wavu wa nywele kichwani, akamtazama kama muuza mitungi ya gesi aliyekosea nyumba.

Kipindi nacho kilipendwa kwa wiki mbili. Watoto wa duka la mkate walishikana mikono, wakabusiana, na baada ya kubusiana hawakuwa na jambo lingine la kufanya. Baba aliunguza wali, akaunguza tena. Ilibainika kwamba katika nyumba nyingi za visiwa hivi anayenunua shampuu ni kijana, lakini anayeshika rimoti ni bibi, na bibi alikuwa amehamia kwenye mashindano ya kuimba ya kituo cha jirani.

"Anko, nina wazo," Kristel alisema. "Mama apige simu nyumbani. Tumsikie tu. Bebang anapiga kutoka Dubai, anawagombeza, watu wanacheka, wanalia kidogo."

"Arudi, basi. Tumrudishe."

"Akionekana itabidi tumlipe kama anayeonekana."

Jikoni, habari hiyo ilipokelewa na wanawake watatu. Perlita aliendelea kukuna nazi. "Mwulize bosi malipo ni kiasi gani," alimwambia Mutya.

"Robo," Crisanto alisema.

"Mwulize," Bibi Consing alisema, "koo ni robo ya mtu?"

Perlita alikung'uta nazi. Alimtazama binti yake, na viatu vyake vyeupe vya uuguzi vilivyokuwa vikianikwa dirishani. "Sawa, bosi. Lini?"

Walirekodia hapohapo jikoni, mchana, Bernie akiwa ametundika blanketi dirishani kuzuia majogoo na pikipiki. Temyong alikuwa akirekodiwa siku nyingine. Ili Perlita apate wa kujibizana naye, ilibidi mtu amsomee maneno ya mume. Crisanto aliketi upande wa pili wa meza na mswada wake.

"Temyong, mpenzi wangu! Huko mvua inanyesha? Umefunga madirisha?"

"Nimefunga, mke wangu."

"Muongo wewe. Nenda kafunge. Na usivae ile fulana yenye tundu, watu watasema mkeo kakutupa."

Ilikuwa sauti ileile aliyoifahamu tangu enzi za sabuni, ya joto, yenye kicheko chini yake. Bernie alitabasamu kwenye vifaa vyake. Crisanto aliishika meza. Ukurasa ulipokwisha, Perlita alivua miwani, akalikunja blanketi la Bernie, na mumewe akarudi kuwa bosi.

Tangu siku hiyo simu za Bebang zilianza kurefuka. Waandishi walinung'unika kwamba mwanamke huyu wa Dubai anaongea kuliko waliopo. Kristel alifurahi, maana mabibi walikuwa wanarudi, na hakuna aliyejua kwamba kurasa hizo Crisanto aliziandika peke yake, mlango umefungwa. *Unalala vizuri, mume wangu?* aliandika. *Mgongo wako vipi? Nilikuota jana.* Na kila wiki mkewe aliketi mbele yake, akavaa miwani, akamwambia yote hayo vizuri mno.

"Unalala vizuri, mume wangu?"

"Silali," Crisanto alisema. "Silali kabisa, Perlita."

Bernie aliinamia waya uliokuwa hauna shida yoyote. Perlita alisogeza kidole kwenye ukurasa.

"Hiyo haimo," alisema. "Turudie kutoka kwenye mgongo."

Mwezi wa Desemba, wiki ya misa za alfajiri, Crisanto alileta ukurasa mmoja tu. Alikuwa amenyoa. Perlita alisoma mpaka chini kabla ya kuanza, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya, kisha akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho.

"Hii nini?"

"Mstari."

"*Nimekusamehe, Temyong.* Temyong kafanya nini?"

"Aliunguza sufuria."

"Sufuria aliiunguza zamani. Nikamtukana, yakaisha."

"Basi mengine."

"Yapi?"

"Watu wana mambo mengi yaliyolundikana, Perlita. Mtu akiwa mbali, Krismasi imekaribia, anakumbuka, anasamehe. Hakuna atakayeuliza ni lipi."

"Mimi ndiye nauliza. Ni mimi ninayelisema."

"Lisome tu. Nakuomba. Lisome."

Bernie alikohoa, akasema anaweza kutoka nje kuvuta sigara. Perlita alimwambia akae, mwanangu, una kazi. Alimtazama mumewe kwa muda. Alimtazama kweli, usoni, kwa mara ya kwanza tangu mvua zile, na Crisanto akaona kwamba amekonda.

"Unalitaka kwa sauti gani?"

"Yako."

"Ninazo nyingi. Nimelipwa kwa ajili hiyo." Akavaa miwani. "Bernie, nakupa tatu mfululizo, usikate katikati."

Ya kwanza aliivuta puani, kama anayemsamehe mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni: nimekusaaamehe, Temyong, na usirudie, nyani wewe. Bernie aliguna kicheko bila kutaka.

Ya pili ilianza vizuri na kuvunjika katikati ya jina. Chumba cha pili, kiti cha kubembea cha Bibi Consing kiliacha kulia.

Kisha Perlita aliweka ukurasa chini. Akainama juu ya meza, akamtazama Crisanto machoni, na akasema kwa sauti ndogo, kavu, isiyo na pambo lolote, sauti ya mtu aliyekesha na jambo mpaka limempita: "Nimekusamehe." Hakumtaja Temyong.

Crisanto alisimama. Kiti kilianguka nyuma yake. "Perlita—"

Mkewe aliinua kiganja kumzuia, akimtazama Bernie, akahesabu kimya pumzi chache za ukimya ambao mafundi sauti huuhitaji mwishoni. Bernie akaitikia kwa kichwa kwamba tayari. Perlita akavua miwani.

"Hiyo ya tatu ndiyo ngumu," alimwambia Bernie. "Ukiibana pumzi mapema inasikika uongo." Akachukua kisu na papai bichi la mchuzi, akageukia karo, akaanza kumenya.

Crisanto aliokota kiti. Alikiweka mahali pake, akakinyoosha, akakaa.

"Bosi," Bernie aliuliza polepole, "tupeleke ipi?"

Crisanto aliifikiria ile ya tatu. Aliifikiria sana. Lakini baada ya simu lilifuata onyesho la duka la mkate, na watoto wale walihitaji kuingia watu wakiwa bado na kicheko. Baada ya ile ya tatu studio nzima ingekaa kimya, na Kristel angepiga simu kuuliza kwani Temyong kafanya nini.

"Ya kwanza," alisema. "Inachekesha zaidi."

"Na mimi ningeichukua hiyo," Perlita alisema, amewapa mgongo, na maganda yakaendelea kudondoka.